Nafasi ya Nne ya Alhamisi

Hakuna mtu mjini Elmdal aliyewahi kumwambia Verlyn Stordahl kwamba anacheza gofu vibaya, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Kule kaskazini mwa Minnesota mtu haambiwi kitu. Tangu ujana wake mpaka mvi zilipomwota, Verlyn aliendesha greda la wilaya la kusukuma theluji barabarani. Siku alizoacha rundo la theluji kwenye njia ya mwenye nyumba hakutukanwa hata mara moja. Mwenye nyumba alisimama dirishani na kikombe chake cha kahawa, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, na Verlyn akaelewa, akarudi nyuma, akasukuma tena. Huo kwao ni ugomvi mkubwa.

Greda alilikabidhi kwa mtu mwingine mwaka ule alipostaafu. Akabakiwa na mke, Ardis, na pikapu, na kitu kimoja ambacho kwa kweli ndicho kilichokuwa kikimwamsha kitandani: gofu ya Alhamisi. Walikuwa wanne. Lowell Haugen, muuza vipuri vya matrekta, ndiye mpangaji wa kila kitu. Mdogo wake Merle alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", na hata hizo alizitoa kwa uchoyo. Wa tatu alikuwa Orrin Kvale, mwalimu mstaafu wa useremala, mjane, aliyekaa kiti kimoja na Verlyn kwenye basi la shule siku zile wote wawili walipokuwa na meno ya mbele yaliyong'oka. Na Verlyn mwenyewe, wa nne. Mji mzima uliwaita "wale wanne", na mtu akisema hivyo dukani hakuna aliyeuliza wanne gani.

Oktoba hiyo, kabla theluji haijaanguka, wale wanne walikwenda kupambana na wanne wa mji wa jirani kama ilivyo desturi, wakigombea sangara wa mbao aliyechongwa na Orrin. Mambo yalikwenda mpaka shimo la mwisho, mpira wa mwisho, na mpira huo ulikuwa wa Verlyn. Umbali wenyewe haukuzidi urefu wa meza ya kulia. Mtoto angeusukuma kwa ufagio ukaingia. Lakini mkono wa Verlyn, mkono ulioshika usukani wa greda katikati ya dhoruba bila kutikisika, ulitetemeka. Mpira ukapita kando ya shimo kama vile haukuona kitu.

"Haya," alisema Lowell. "Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

"Ndiyo," alisema Merle.

"Umeingia?" aliuliza Orrin.

Verlyn alimgeukia. Orrin alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka shimoni, uso mkavu kabisa. Miaka yote hiyo Orrin alikuwa mtani wake, lakini utani nao una mipaka. Verlyn aliokota mpira wake akautia mfukoni.

Baadaye, ndani ya klabu, alikwenda kunawa mikono. Alipokuwa akirudi akamsikia Lowell akiongea kwa sauti ya chini na Daktari Prentiss, mganga wa meno kijana aliyehamia Elmdal kutoka mji mkubwa.

"Theluji ikiyeyuka huenda tukahitaji mtu," alisema Lowell. "Nasema huenda. Si jambo la kutangaza."

"Kwani nani anatoka?" aliuliza daktari.

Hapo Lowell akamwona Verlyn mlangoni. "Aa, Verlyn! Kuna pai ya maboga imebaki. Chukua kipande."

"Aa, hapana, nimeshiba," alisema Verlyn.

"Sawa basi," alisema Lowell, akaifunika pai.

Verlyn aliendesha pikapu mpaka nyumbani bila kuwasha redio. Ardis alikuwa akimenya viazi. Verlyn alimweleza habari ya mpira uliopita kando, ya Orrin kumcheka, na ya maneno ya Lowell kwa mganga wa meno. Ardis alisikiliza huku akimenya. Lakini aliposikia ya pai, kisu kilisimama.

"Kakukaribisha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja tu?"

"Mara moja, halafu akaifunika."

Ardis alikiweka kisu mezani. Elmdal kitu hutolewa mara tatu. Ya kwanza unakataa, kwa sababu mtu mwenye haya hakimbilii chakula. Ya pili unasema usijisumbue. Ya tatu unasema basi, kipande kidogo tu, nawe unapewa kipande kikubwa. Ndivyo wanavyokula, ndivyo wanavyokunywa kahawa, na inasemekana wengine ndivyo walivyooana. Kumkaribisha mtu mara moja na kufunika sahani ni kumfukuza.

"Muulize Lowell," alisema Ardis mwishowe.

"Siwezi kumuuliza."

"Kwa nini usiweze?"

"Atanijibu."

Basi Verlyn akapiga moyo konde. Kama wanataka kumtoa, itabidi wamtoe Verlyn mwingine, si huyu wa Oktoba. Alikuwa na msimu mzima wa baridi mbele yake, wa kwanza bila greda. Uwanja ungelala chini ya theluji mpaka Aprili, na yeye angefanya mazoezi. Theluji ikiyeyuka, Verlyn mpya angetokea, nao waone aibu wenyewe.

Aliitoa pikapu nje ya banda la gari, jambo ambalo kwa baridi ya kule ni ukatili kwa betri. Akatundika wavu kwenye ndoano ambayo kila Novemba alitundikia paa aliyemwinda. Chini akatandika kipande cha zulia la zamani la sebuleni. Akasimama mbele ya wavu na koti, kofia ya masikio na buti, akainua fimbo, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu alijaribu kukumbuka jinsi anavyopiga, na hakukumbuka.

Hebu mwulize mtu anayeshuka ngazi anatanguliza mguu gani, uone atakavyojikwaa. Verlyn alikuwa amepiga gofu nusu ya maisha yake bila kujiuliza. Sasa alijiuliza, na mwili ukagoma. Akafungua jarida la gofu. Jarida likasema kichwa kisitikisike kabisa. Akasimamisha kichwa, shingo ikakakamaa, akageuka kwa tabu kama mtu aliyelala vibaya. Akafungua simu, na ndani ya simu kulikuwa na bwana mmoja mwenye meno meupe sana akisema kwamba wanaosimamisha kichwa ndio wanaoharibu mchezo; kichwa kiachwe kiende kinakotaka. Verlyn akakiacha kiende. Akapiga hewa.

"Unamsikiliza nani sasa?" aliuliza Ardis, aliyekuwa amevaa koti juu ya gauni la kulalia, akimpiga picha za video kama alivyoombwa.

"Wote wawili."

"Kichwa utakisimamisha na kukitembeza kwa wakati mmoja?"

"Ndicho ninachojaribu kujua, mke wangu."

Siku nyingine bwana wa kwenye simu alimwambia asifikirie chochote. Hilo lilimshinda zaidi ya yote. Verlyn alisimama juu ya mpira akifikiria kwamba hafikirii, akajiuliza kama kufikiria kwamba hufikirii kunahesabiwa, na katikati ya mawazo hayo fimbo ikashuka yenyewe. Mpira uligonga fremu ya wavu, ukaruka hadi kwenye rafu, na mitungi miwili ya jeli ya Ardis ikapasuka. Jeli nyekundu ikatiririka juu ya friza la nyama na kuganda kabla haijafika sakafuni.

Ardis alikuja akasimama mlangoni. "Naona umefanya kitu tofauti," alisema, akarudi ndani. Verlyn alijua kwamba ametukanwa, na kwamba jioni hiyo atakula mabaki.

Kanisani, baada ya ibada, watu hushuka chumba cha chini kunywa kahawa. Jumapili moja ya Desemba Orrin alimfuata Verlyn karibu na ukuta wa kutundikia makoti. Ni kweli alimfuata, lakini alipofika hakumtazama. Aliongea huku macho yake yakipita kando ya sikio la Verlyn, moja kwa moja hadi kwenye makoti.

"Kibanda changu kimeshafika ziwani," alisema Orrin. "Merle ndiye aliyekivuta."

"Merle?" Kila mwaka Orrin alikivuta mwenyewe kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, na kama gari lake lilimsumbua, Verlyn ndiye aliyekivuta. Hakuna mwaka Merle alipovuta kitu.

"Ee, Merle. Barafu imekaza mapema. Nilikuwa nasema, ukipenda, unaweza kuja. Pikapu yako inashika vizuri kwenye barafu."

"Aa, asante, sitaki kukusumbua," alisema Verlyn.

Huko kulikuwa kukataa kwa kwanza, na hakukuwa na neno. Ni adabu tu. Lakini yale macho yalimkaa rohoni. Wamekuwa marafiki tangu meno ya utoto, na leo Orrin hawezi kumtazama usoni! Mtu hukwepa macho ya mwenzake akiwa na jambo. Basi ni kweli, aliwaza Verlyn akiendesha kurudi nyumbani, na Orrin naye yumo.

"Labda ana tongotongo," alisema Ardis.

"Alikuwa anatazama makoti, Ardis."

"Labda kuna koti alilipenda."

Mwanzoni mwa Januari Verlyn aliendesha mwendo mrefu hadi mji mkubwa, ambako kuna kuba la plastiki lililojazwa hewa, kubwa kama ghala la nafaka, na ndani yake watu wanapiga mipira ya gofu wamevaa mashati ya mikono mifupi kama vile nje si baridi ya kupasua chuma. Kulikuwa na mwalimu humo, binti mmoja anayeitwa Britta, ambaye hakuonekana kuwa mtu wa kaskazini kwa maana alisema mambo waziwazi.

"Mzee, nani alikufundisha kushika fimbo hivyo?"

"Baba yangu."

"Alikuwa mchezaji?"

"Alikuwa mfugaji. Akikamua ng'ombe."

"Inaonekana," alisema Britta.

Alimgeuza vidole, akamsogeza mguu, akamwambia kiuno ndicho kinachoanza. Verlyn hakuwahi kujua kwamba kiuno chake kinaweza kuanza kitu chochote. Alipiga mipira mpaka viganja vikamwuma. Baadhi ilikwenda kulia, baadhi kushoto, mmoja ulimrudia. Halafu, bila kujua amefanya nini, alipiga mmoja uliotoka na sauti kavu, safi, ukapaa mpaka mwisho wa kuba.

"Huo!" alisema Britta. "Umehisi?"

"Nimehisi. Nimefanyaje?"

"Si ndio nakuuliza wewe."

Akarudi nyumbani na ile sauti masikioni, akaitafuta bandani majuma na majuma. Kiuno, kichwa, vidole, usifikirie, fikiria. Siku zingine aliipata mara mbili mfululizo akadhani sasa ameshaelewa, akaenda kumwita Ardis, na Ardis alipokuja mpira ukaenda kwenye mitungi. Ili kuutuliza ule mkono uliotetemeka karibu na shimo, alitandika mstari wa zulia kutoka jikoni hadi chooni, akasukuma mipira kikombeni, Ardis akiiruka na sahani mikononi. Lowell alipita siku moja kurudisha ngazi, akauona wavu, akasimama kwa muda mrefu.

"Kumbe unafanya mazoezi," alisema.

"Kidogo tu, kupoteza wakati."

"Si mbaya," alisema Lowell, akaondoka. Verlyn alishinda siku nzima akiipindua ile "si mbaya" kama mtu anayetafuta upande wa kufungulia kopo.

Mwisho wa Januari alikutana na Orrin tena, safari hii dukani, kwenye rafu ya unga. Lowell ndiye aliyemleta, na alikuwa akingoja nje, gari likiunguruma. Hata kwenda dukani sasa wanakwenda pamoja, aliwaza Verlyn. Orrin alikuwa akipapasa mifuko, akiisogeza karibu na uso mmoja mmoja. Verlyn akamsalimu. Orrin akageuka haraka, akatabasamu, na macho yakapita tena kando ya sikio, yakatua kwenye mifuko ya sukari.

"Samaki wanakula vizuri mwaka huu," alisema. "Kiti chako kipo pale pale kibandani. Kuna na jiko la kuotea moto."

Mara ya pili. Kwa desturi Verlyn alitakiwa kusema usijisumbue, kisha angoje ya tatu, akubali. Lakini aliyakumbuka yale makoti.

"Tutaona," alisema. "Nina shughuli zangu bandani."

"Naam," alisema Orrin. "Nimesikia. Basi, salamu kwa Ardis."

Akaondoka akigusagusa ukingo wa rafu kwa vidole, akagonga bega kwenye mlango, akatoka. Ana haraka ya kunikimbia, Verlyn aliwaza, na akaumia kuliko alivyoumia kwa ajili ya pai.

Hata hivyo aliingoja ya tatu. Mtu anaweza kukasirika na bado akangoja. Februari nzima, kila Jumapili chumba cha chini, alijiweka karibu na makoti, na Orrin alikuja, akasema habari za baridi na za bomba la jirani lililopasuka, akitazama ukuta, asiseme neno la kibanda. Siku moja Verlyn aliendesha mpaka ufukweni mwa ziwa. Kibanda cha Orrin kilikuwa pale katikati ya weupe wote ule, moshi ukitoka, na pikapu ya Merle imeegeshwa nje. Angeweza kuteremka. Barafu ilikuwa nene ya kubeba lori. Lakini mtu mzima huyu, mwenye mvi zake na pensheni yake, alikaa ndani ya gari akisema, kama ananitaka ataniuliza. Kisha akageuza, akarudi kwenye wavu wake. Machi ikafika, na sheria inapotaka vibanda vitolewe barafuni, Merle akakivuta kibanda cha Orrin mpaka nyumbani. Ya tatu haikuja.

Alhamisi ya kwanza ya Mei ilikuwa ya jua kali na upepo wa baridi. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli vya misonobari tu. Verlyn alifika uwanjani na mfuko wake begani. Lowell alikuwepo. Merle alikuwepo. Daktari Prentiss alikuwepo, na mfuko mpya wa fimbo. Na Orrin alikuwepo, amekaa kwenye kigari cha gofu cha Lowell, amevaa kofia yake. Verlyn akahesabu mara moja, akahesabu tena. Lowell, Merle, daktari, Orrin. Wanne wametimia bila yeye.

Alisimama pale asijue aweke mfuko chini au arudi nao garini.

"Verlyn," alisema Lowell. "Anza wewe."

"Mimi?"

"Kwani kuna Verlyn mwingine?"

Hakuelewa, lakini mtu akiambiwa aanze anaanza. Alichomeka kijiti, akaweka mpira juu. Kichwa, kiuno, vidole. Akayasahau yote, si kwa ustadi, ni kwa kuchanganyikiwa tu: katika kichwa kile hakukuwa na nafasi tena ya jambo jingine hata moja. Akapiga. Sauti ikatoka kavu na safi, ile ya ndani ya kuba. Mpira ukapanda juu ya misonobari, ukaning'inia, ukashuka katikati kabisa ya majani, mbali kuliko alikowahi kuufikisha katika maisha yake.

Lowell alivua kofia, akaivaa tena. Daktari alipiga mbinja.

"Lo! Sauti hiyo!" alipaza sauti Orrin kutoka kigarini, akipiga makofi. "Umekwenda wapi?"

Verlyn akamgeukia, fimbo bado mkononi. "Oktoba ulinicheka, Orrin, na leo tena? Umekaa hapo hapo, si umeuona?"

Lowell akatazama viatu vyake. Daktari akaanza kutafuta kitu mfukoni. Upepo ukavuma kidogo. Na mtu aliyesema alikuwa Merle.

"Haoni, Verlyn," alisema Merle.

Hakuna aliyewahi kusikia kitu kimesemwa hivyo Elmdal. Hata Merle mwenyewe alionekana kushtuka.

"Macho," alisema Orrin, akajaribu kucheka. "Katikati ndiko kumekufa. Doa lilianza kiangazi cha mwaka jana, na kila mwezi linakula zaidi. Lowell alijua kwa sababu nililikwangua gari lake maegeshoni. Merle alikuwa ndani yake. Daktari atacheza nafasi yangu. Mimi nimekuja kusikiliza tu."

"Nafasi yako," alisema Verlyn.

"Ulidhani ya nani?"

Verlyn alikuwa anatazama uso wa rafiki yake, na rafiki yake alikuwa anatazama mfuko wa fimbo wa daktari, pembeni huko.

"Basi nitazame ninaposema na wewe," alisema Verlyn, na sauti ilimtoka vibaya.

"Nakutazama, mjinga wee. Nikikuelekezea macho usoni naona doa tu. Nikitazama huku, kando ya sikio, ndipo nakupata. Naona hata leo hujanyoa."

"Na kule kwenye makoti?"

"Makoti yapi?"

Verlyn akakaa kwenye ubao wa kigari. "Kwa nini hukuniambia, Orrin?"

"Nilitaka nikwambie kule ziwani. Jambo kama hilo husemi mbele ya biskuti za kanisa. Na nilitaka uwepo nikiangalia kielea cha ndoano kikizama, maana mwakani sitakiona tena. Nilikuuliza mara mbili."

"Na ya tatu? Niliingoja ya tatu mpaka barafu ikayeyuka!"

"Ya tatu ungekubali," alisema Orrin. "Kila mtu hukubali ya tatu. Sikutaka uje kwa adabu." Akavua kofia, akaipapasa ukingo. "Merle alikuja. Mtu mwema sana Merle, ila haongei."

"Ndiyo," alisema Merle.

Chini kule katikati ya majani mpira wa Verlyn ulikuwa unang'aa, mweupe, umekaa mahali ambapo mchezaji yeyote angetoa kidole ili aupige. Msimu mzima wa baridi ulikuwa umelala pale. Verlyn aliutazama mara moja. Kisha akauchukua mfuko wake na kumpa daktari aushike, kwa sababu hakujua auweke wapi.

"Twende ziwani," alimwambia Orrin.

"Ndiyo," alisema Orrin.

Verlyn alikuwa ameshafungua kinywa amuulize tena, kama inavyotakiwa, na baada ya hapo mara ya tatu. Akabaki hivyo, kinywa wazi, akiwa hajui mtu aliyekubaliwa mara ya kwanza hufanya nini. Orrin alikuwa ameshateremka kigarini na kunyoosha mkono kutafuta bega lake.

"Na mpira wake je?" aliuliza Daktari Prentiss nyuma yao.

"Uache," alisema Lowell.

Walishuka polepole mpaka maegeshoni, Verlyn akitaja kila shimo na kila jiwe kabla mguu wa Orrin haujalifikia. Akamfungulia mlango, akamfunga mkanda, akawasha pikapu. Barabara ya ziwani ndiyo aliyoisafisha maisha yake yote, kila kona yake ilikuwa mikononi mwake. Njiani Verlyn akatupa jicho upande wa pili. Orrin alikuwa ameelekea kioo cha mbele, macho kwenye miti, na safari hii Verlyn alijua kwamba anatazamwa yeye.